Mistari Kumi na Tisa

Kazi yangu ni kukata meno. Sing'oi, wang'oaji ni madaktari, wana makoti meupe na maringo yao. Mimi nakaa chumba cha nyuma cha chuo kimoja mjini Tainan, nakata meno ya marehemu mpaka yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ni mwaka wa ishirini na sita huu, na bado sijaacha kushangaa.

Kwa hiyo shangazi yangu Giok-chun aliponiletea kopo la chai, nilijua kabla ya kulifungua kwamba ndani hamna chai.

"Mzee Khoo ndiye kaviokota vifupa hivi," akasema.

Mzee Khoo ni fundi wa kufukua makaburi. Huitoa mifupa, huisafisha, huipanga vizuri kwenye mtungi. Mwaka ule tuliamriwa kuhamisha makaburi ya zamani, naye alipofukua la mama mkwe wa shangazi, akakuta miguuni pake gudulia la achari. Ndani yake mlikuwa na vifupa vya mtoto mchanga.

Kisa cha shangazi kwetu kila mtu anakijua, na wengi wamekicheka. Miaka hamsini na miwili iliyopita alijifungua, akashikwa na homa kali. Alikuwa kwenye ule mwezi ambao mzazi wa kwetu hukaa ndani: mlango umefungwa, mgeni haingii, kuku wa mafuta ya ufuta anapokewa mlangoni. Hakuna aliyemwona mtoto isipokuwa yeye na mama mkwe. Homa ilipomwachia, mama mkwe akamwambia mtoto alizaliwa maiti.

"Haiwezekani," shangazi akasema. "Nimemnyonyesha."

Akaitwa mpandisha mizimu. Akatikisika, akatoa povu, akatoa na jibu: aliyenyonya ni mzuka, umekuja kuazima maziwa, na utarudi. Tangu hapo shangazi huweka kikombe cha maziwa dirishani kila asubuhi. Paka wa mtaa mzima wamenenepa kwa ujinga wa mpandisha mizimu yule.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," akaniambia. "Alizaliwa hai au hakuzaliwa hai?"

"Na nikikuta hakuwa hai?"

"Basi nitajua nilikuwa kichaa. Kwa umri huu, kuna mchumba gani wa kunikataa?"

Meno ya mtoto mchanga yamelala ndani ya taya, kila moja kikofia chepesi kama kumvi la mpunga. Nilichagua moja la mbele, nikalikata kwa pumzi za kuhesabu, kwa sababu nikiliharibu nimemharibia mtu maisha.

Lile gamba jeupe la jino hujengwa siku kwa siku, na kila siku huacha mstari wake mwembamba. Kazi huanza tumboni. Siku ya kuzaliwa hupita mstari mmoja mnene, mweusi, maana kutoka kwa mama ni msukosuko mkubwa na mwili huandika kwamba umeupata. Hakuna anayeuamuru. Hautikisiki, hautoi povu. Unaandika tu, gizani, kwa mtoto ambaye hata jina hajapewa.

Niliuona ule mstari mnene. Kisha nikaona kwamba jino halikuishia hapo. Nikahesabu mara tatu: kumi na tisa. Huenda nimekosea siku moja au mbili, lakini kwamba aliishi sikukosea. Nikakaa chini nikalia, kwa uchungu na kwa uzuri wa kitu kile, na sikuweza kuvitenga.

Nikamkumbuka pia mama mkwe. Aliomba azikwe pembeni kabisa ya kiwanja cha ukoo, tukadhani ni ukaidi wa uzee; kumbe ndipo alipokuwa amemficha mtoto. Sijui alidanganya kwa huruma au kwa hofu. Wa kumuuliza hayupo.

Nilimkalisha shangazi mbele ya hadubini. Akavua miwani, akafinya jicho moja.

"Huu mweusi?"

"Siku aliyozaliwa."

"Na hii myembamba?"

"Kila mmoja siku moja. Alikuwa hai, shangazi. Siku kumi na tisa."

Akapiga kofi mezani. "Si niliwaambia! Baba yako alinicheka mpaka akakohoa! Kamwambie huko kaburini!" Akacheka, nami nikacheka naye, nikijiona nimemletea zawadi.

Akainama tena. Akatazama muda mrefu.

"Baada ya huu wa mwisho?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, shangazi."

Akainua uso. Kisha akasema taratibu, "Mzuka haufi, mwanangu. Unakwenda, unarudi. Miaka yote hii mimi nilikuwa nangoja."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka ishirini na sita ya kutazama, na sikulifikiria. Nikataka kuzima taa, akanishika mkono.

"Niache. Nihesabu mwenyewe."

Akahesabu kwa sauti ndogo, kidole kikigusa meza kwa kila siku. Alipofika ya kumi na tisa, akaanza upya.

Asubuhi ya pili nilipita kwake. Paka walikuwa wamejaa chini ya dirisha, wanalia. Shangazi amekaa ndani, kikombe kikavu mapajani.

"Wafukuze," akaniambia. "Waambie mtoto amekufa."