Mhadhara wa Mara ya Pili

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa Lovina Stoddard ulikuwa Chuo cha Tiba cha Harlan Falls, Ohio: jengo la matofali, jiko moja la chuma lisilotosha kufukuza baridi, maprofesa watano, na wanafunzi sitini na mmoja. Huyo mmoja ndiye yeye.

Chuo kilikuwa na umri wa miaka sita tu, na desturi yake ilikuwa ile ya vyuo vingi vya siku zile. Ulihudhuria vipindi viwili vya baridi, Novemba hadi Februari, ndipo ukapewa shahada. Kipindi cha pili hakikuwa na jipya. Maprofesa walisoma mihadhara ileile kutoka karatasi zilezile, na mzaha wa Jumanne ya mwaka jana ulirudi Jumanne ya mwaka huu. Kilichokuponyoka mara ya kwanza, walisema, utakidaka ya pili. Wanafunzi wakongwe waliimalizia mizaha hiyo kwa mnong'ono kabla profesa hajaifikia.

Lovina alikaa benchi la mbele. Kulia kwake palikuwa wazi, kushoto kwake palikuwa wazi, na hata ukumbi ulipofurika watu walisimama ukutani kuliko kukaa hapo. Kwa Bi Tuttle, alikopanga chumba, alikula jikoni baada ya wanaume kuondoka mezani: maharage yaliyopoa na pembe ya mkate wa mahindi. Zilipita wiki nzima sauti yake haina kazi ila kusema asante, hata siku alipojisikia anaongea, alishtuka.

Aliyemsemesha ni Orrin Gage tu, mtoto wa mwenye kiwanda cha mbao, naye alimsemesha kwa kejeli.

"Bi Stoddard," alimwambia siku moja kwenye meza ya kupasulia maiti, "huo ni mguu wa mtu, si wa kuku wa Jumapili."

"Najua, Bwana Gage. Kuku nimechinja wengi, na hakuna aliyekuwa na maneno kama wewe."

Wenzake walimcheka Gage mpaka akawa mwekundu. Jioni Lovina alilikumbuka jibu lake, akacheka peke yake chumbani, kisha akanyamaza. Kicheko kisicho na mwenzake hakikai.

Mhadhara wenyewe ulikuja mwaka wake wa kwanza, Jumanne ya pili ya Januari. Profesa Asahel Pruitt alifundisha uzazi. Ndiye daktari pekee ambaye Lovina alimfahamu tangu utotoni, maana aliwahi kufika shambani kwao Hartsgrove. Alipojiandikisha alidhani jina Stoddard lingemkumbusha kitu. Halikumkumbusha.

"Palikuwa na mke wa mkulima kule Hartsgrove," Pruitt alisoma, "aliyejifungua salama mikononi mwangu. Nikamwamuru alale siku tisa. Siku ya pili nikapita, nikamwona kwa macho yangu yuko zizini, amejitanda shali nyekundu, anakamua. Homa ya uzazi ikampata. Siku ya tano tukamzika. Lakini, mabwana, ng'ombe alipona."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lovina aliandika kila neno, kwa mwandiko uleule alioandikia majina ya mifupa.

Kiangazi kizima, nyumbani kwa kaka yake, aliyasoma maneno hayo mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa. Hakumwonyesha mtu. Vyuo vingine vitatu alivyoviandikia vilikuwa vimemkatalia, na shahada hii ndiyo pekee iliyokuwa njiani kuja kwake. Novemba akarudi Harlan Falls. Akaanza kuhesabu Jumanne.

Siku ilipofika, Gage alikuwa benchi la nyuma yake. "Ng'ombe alipona," alinong'ona mapema, na wenzake wakaguna kwa raha.

Pruitt alipofika kwenye shali nyekundu, Lovina alisimama.

"Profesa, aliyekuwa zizini ni mimi."

"Keti, Bi Stoddard."

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama hakuwa na nguvu hata ya kugeuza shingo. Ng'ombe walikuwa wanalia, kulikuwa na baridi, nikajitanda shali yake. Siku aliyojifungua ulitufikia umetoka kwa mwanamke aliyekufa kwa homa hiyohiyo ya uzazi asubuhi ileile. Ulisema mwenyewe mlangoni. Mama akanituma nikuletee beseni la maji unawe mikono kwanza. Ukacheka, ukasema daktari si mchimba viazi. Yale maji niliyamwaga safi kama nilivyoyateka."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

Alhamisi aliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, Daktari Hobart, mzee aliyezoea kusuluhisha. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya shahada. Pruitt alikaa dirishani, mikono mifukoni.

"Binti yangu," alisema Hobart, "hakuna anayekuambia ulisema uongo. Kiri tu kwamba ulimkosea adabu mwalimu wako mbele ya darasa. Neno moja, na shahada yako ipo."

"Na mwakani ataisoma tena hadithi ile?"

"Mihadhara ya profesa ni mali yake."

Lovina aliwafikiria wale vijana sitini, kila mmoja akishuka farasini kwenye shamba la mgonjwa wake, na beseni linamngoja mlangoni. Akafikiria pia jiko la kaka yake, mahali atakapokaa maisha yake yote akiitwa shangazi.

"Nilimwona," Pruitt alisema ghafla, bila kugeuka. "Miaka yote hii namwona."

"Uliona shali, Profesa."

Bega moja la Pruitt lilishuka kidogo, na Lovina akagundua kwamba katika jengo lile lote, aliyekuwa mpweke kama yeye ni mtu huyu. Hilo nalo halikubadili kitu.

Hobart alichovya kalamu katika wino. "Basi niandike kwamba unaomba radhi?"

"Andika kwamba mama hakuinuka kitandani," Lovina alisema. "Mimi siombi radhi."