Ndevu za Fundi wa Tanuru

Nezihe, afisa usalama wa kiwanda, alimvisha kaka yake Cevdet kofia ya plastiki iliyomfunika mpaka mabegani, juu ya barakoa yake ya kazi, akapuliza dawa ndani kupitia tundu dogo, akamwambia ahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Dawa ile ni chungu kama shubiri. Mwenye barakoa iliyomkaa sawasawa haonji kitu. Cevdet alipofika kumi na tatu uso ulimkunjamana, akameza mate, akaendelea kuhesabu.

"Umeonja?"

"Sijaonja. Andika."

Nezihe alishika kalamu, asiandike. Kwenye karatasi iliyokuwa chini ya ile, kipimo cha risasi katika damu ya Cevdet kilisoma thelathini na nane. Mwezi uliopita kilikuwa ishirini na nne. Kikifika arobaini, daktari humtoa mtu kwenye tanuru siku hiyohiyo.

Pale kiwandani, pembeni mwa mji wa Iskenderun, malori humwaga vumbi linalonaswa kwenye mabomba ya moshi ya viwanda vya chuma. Tanuru refu kama treni, limelala ubavu na kujizungusha polepole, hulichoma pamoja na makaa. Zinki iliyomo hupaa kama moshi, ikanaswa kwenye mifuko ikiwa unga mweupe, tayari kuyeyushwa ikapakwe mabati mapya. Ila madini ya risasi, yenye sumu, nayo hupaa pamoja na zinki, na risasi haina harufu ya kumwonya mtu. Cevdet alikuwa ameliongoza tanuru hilo miaka kumi na tisa. Hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Tangu apewe majibu ya damu, alikuwa akila mabakuli mawili ya mtindi kila asubuhi badala ya moja. Wanaume wote wa tanuru waliamini mtindi huosha vumbi kifuani. Nezihe, aliyesoma masomo ya jioni ya usalama kazini huku tumbo la mimba ya mwanawe Elmas likigonga meza, aliwaambia mara nyingi kwamba mtindi ni chakula kizuri na basi. Walimcheka, wakamuuliza kama shuleni kwao walifundishwa pia kukamua ng'ombe.

Lakini safari hii tatizo alikuwa akiliona kwa macho. Mama yao alikuwa amefariki siku ishirini na sita zilizopita, na tangu siku ile Cevdet hakugusa wembe. Barakoa ilikaa juu ya ndevu kama kifuniko juu ya sufuria iliyojaa mboga. Hewa ilipita pande zote.

"Nyoa, kaka yangu."

"Siwezi."

"Mama hayumo kwenye ndevu."

Mara maneno yalipomtoka alitamani kuyarudisha. Cevdet alivua kofia taratibu, akaiweka mezani.

"Nani atanitoa msibani, Nezihe? Baba hayupo. Ami Fahri hayupo. Nijinyoe mwenyewe chooni, kama mtu aliyemchoka mama yake?"

Hapo ndipo Nezihe alipoelewa. Kwao mfiwa hajinyoi. Mkubwa wa ukoo huja, akamshika mkono, akampeleka kwa kinyozi, na tangu saa hiyo anaruhusiwa kucheka tena. Kaka yake alikuwa akimngojea mtu ambaye hakuwapo duniani.

Hata hivyo aliandika: Haikufaulu. Asiyefaulu jaribio hilo haruhusiwi kukaribia tanuru.

"Umenitoa kwenye tanuru," Cevdet alisema. "Wewe, niliyekubeba mgongoni."

"Nimekutoa. Kila Jumapili Elmas anazishika hizo ndevu, halafu anatia vidole mdomoni."

Cevdet alitoka. Nezihe alifuta machozi, akaenda moja kwa moja kwenye mifuko ya unga kumtafuta Haji Yakup, mzee kuliko wote kiwandani, aliyeishi mtaa mmoja na mama yao. Alimweleza yote. Yakup aliuliza kama kweli wanaweza kumkabidhi wembe mtu ambaye kichwa chake kilijinyoa chenyewe. Kisha akavua glavu, akaenda kuoga.

Zamu ilipokwisha, wanaume wa tanuru walikuwa wamesimama upande safi wa vyumba vya kubadilishia nguo, wameoga, wamechana nywele kama wanaoenda kuposa. Nezihe alibaki mlangoni. Yakup alimshika Cevdet mkono.

"Kabla sijaoa, mama yenu Zekiye alinilisha supu miaka saba. Kama mimi si mtu wa nyumba yenu, niambie hapa mbele ya watu."

Cevdet alikaa kwenye benchi, akainua kidevu. Wembe ulipopita shavuni alianza kulia, na hakuna aliyeangalia pembeni. Alipomaliza, Yakup alimpangusa kwa taulo, akamwambia anafanana na yai la kuchemsha, na Cevdet akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Asubuhi iliyofuata alihesabu mpaka hamsini bila kuonja kitu. Hata hivyo daktari alisema thelathini na nane imekaribia mno arobaini na damu haingoji barakoa, akampangia kazi ya kupima malori kwenye mizani kwa miezi miwili, mpaka risasi ishuke. Nezihe alijiandaa kwa lawama.

Cevdet alijishika shavu lake jipya, akatazama dirishani kibanda cha mizani, upande wa pili wa uwanja.

"Kule kuna kompyuta," alisema. "Mimi sijui hata inawashiwa wapi. Twende ukanifundishe, mwalimu."