Ng'ombe Wangu Wanakwenda India

Nilirudi nyumbani Butiama mkono aliouvunja mume wangu umefungwa kitenge, na sikuja kusalimia. Nilikuja kumwambia baba arudishe mahari. Kwetu mwanamke haachani na mume mpaka ng'ombe warudi, na wangu walikuwa bado zizini, wazima, wanacheua.

Nikamkuta mdogo wangu Wanzagi amekaa na baba na Padri Florian, aliyeitwa kumshauri kuhusu masomo. Amemaliza kidato cha sita, anataka shahada, halafu shule kubwa ya biashara, awe meneja. Ndiyo homa ya siku hizi: maduka ya Musoma yamejaa bidhaa tena, kiwanda cha nguo kimefungwa, na kila kijana anajiona tajiri. Alikuwa amepata nafasi mbili. Ualimu hapa nchini, serikali ilipe. Au komasi, yaani masomo ya biashara, huko India, ng'ombe wangu wauzwe.

"Padri," nikauliza, "hiyo shule ya biashara anayoitaka baadaye, mwalimu hapokelewi?"

Padri hakupindisha. "Anapokelewa. Hawaangaliagi sana ulianza na nini. Wanataka shahada ya kwanza, na uwe umefaulu vizuri."

Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nikamgeukia Wanzagi. Huyu nilimbeba mgongoni, nikamfuta kamasi.

"Umesikia? Soma ualimu. Shule yako utaipata, na mimi nitarudi nyumbani."

Aliutazama mkono wangu, kisha akatazama pembeni. "Dada, mwalimu siku hizi nani anamheshimuga? Nikishakuwa meneja nitakukomboa mwenyewe."

"Lini?"

"Nimalize India, halafu hiyo shule nyingine. Vumilia."

Baba hakuniangalia. "Ameshachagua," akasema. "Hizo ng'ombe ni za kumsomesha."

Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Njia ilikuwepo. Padri aliitaja mbele yetu sote, wakaiona haina hadhi.

Asubuhi ng'ombe wakatolewa kupelekwa mnadani Kiabakari. Mume wangu anakaa huko huko, kwa hiyo baba akasema hakuna haja ya kunitafutia mtu wa kunisindikiza, nifuatane nao tu. Tukashika barabara moja, wao mbele, mimi nyuma na mkono wangu. Yule mwekundu niliyempenda alikuwa akigeuka kuniangalia. Mnadani wakabaki, nami nikaendelea hadi kwa mume wangu, nikabisha hodi.

Alifungua mwenyewe. Akauliza kama ng'ombe aliosikia wako mnadani wameuzwa.

Nikasema wanauzwa. Akanipisha niingie.