Wimbo Wenye Nafasi ya Kumeza

Akufukuzaye hakwambii toka, wahenga walisema. Wahenga hao hawakuishi Kolwezi, huku Katanga, mwaka wa 1993. Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, waliambiwa toka, tena kwa kipaza sauti, gari likizunguka mtaa kwa mtaa, na wengi wa walioambiwa walikuwa wamezaliwa papa hapa, baba zao wameletwa na wazungu kuchimba shaba. Kazi ya shaba yenyewe ilikuwa inakata roho, mashimo yanajaa maji, na mtu mwenye njaa hakosi wa kumlaumu.

Kati ya walioambiwa toka alikuwa Tata Kalonji, mpiga piano wa baa ya Mama Huguette. Mama Huguette alikuwa Mkatanga wa kuzaliwa, mwanamke wa mwili na wa mdomo, na mwezi ule hakutaka kitu kingine duniani ila kumbakiza Kalonji. Hakuna mapenzi humo, msianze. Ni kwamba Kalonji alijua kuchagua nyimbo. Watu wa mtaa wetu wa Musonoi walikuja na huzuni zao, yeye akawatazama kidogo, akagusa piano, na kabla hujakaa sawasawa baa nzima inaimba. "Wimbo wa baa," alikuwa akisema, "lazima umwachie mtu nafasi ya kumeza."

Basi akaingia Louis, mkubwa wa vijana wa chama, wale wale wa kipaza sauti.

"Mama Huguette, siku ya Mungu bakubwa ba chama banakuja kunywa huku. Hatutaki Mukasai kwa piano. Utafute mutoto wa inchi. Na nyimbo ikuwe ile batu bote banajua kuimba."

"Bon," alisema Mama Huguette, kwa upole ambao ungemtisha mwenye akili. "Nitakutafutia."

Akamleta Stany, mpiga kinanda wa kanisa la Waprotestanti, kijana mwema ambaye hajawahi kuonja pombe. Alhamisi mchana akamketisha kando ya Kalonji ili wachague nyimbo, na Louis akavuta kiti kusimamia.

Kalonji alianza na ule wa bwana harusi aliyechelewa. "Ni ya Kasai," Louis alisema, ingawa alikuwa ameshaitikia mara mbili. "Toa." Kalonji akapiga ule wa mke anayegombana na viatu vya mume wake. "Ni ya Kinshasa. Bale njo balituharibia inchi. Toa." Wa Kifaransa ulikuwa wa wazungu, toa. Ukabaki wa mpira, nao, bahati mbaya, ulimsifu golikipa Mkasai. Kufika saa kumi hapakuwa na wimbo uliosalia.

"Sasa kunabaki nini?" Louis aliuliza, kana kwamba ni mtu mwingine aliyezimaliza.

"Kunabaki nyimbo ya Mungu," Stany alisema. "Ile kila mutu anajua."

Kalonji alifungua kinywa kukataa. Mama Huguette akamkanyaga mguu. Alijua vizuri nyimbo za Mungu zitafanya nini ndani ya baa, na ndicho hasa alichokitaka: Jumapili iharibike, Louis mwenyewe aje kuomba Kalonji arudi. "Njo muzuri," alisema. "Louis, umechagua muzuri sana."

Jumapili wakubwa walijaa, chupa zikafunguliwa. Stany akapiga wimbo wa kwanza. Lo, mji huu nani hakulelewa kwenye kwaya ya misioni? Wote walisimama, kofia zikavuliwa, chupa zikawekwa chini. Waliimba kwa sauti nne, vizuri mno, na Louis, aliyekuwa besi ya parokia yake, alifumba macho. Wakasema amina, wakaketi, lakini kabla mkono haujafika kwenye chupa Stany alianza mwingine. Wakasimama tena. Baada ya saa nzima pombe ilikuwa imepata moto, mkubwa mmoja alikuwa anamwungamia mke wake mambo ambayo mke hakuyauliza, na mwingine alitaka kujua sadaka inawekwa wapi. Mama Huguette hakuuza chupa nyingine, na alikuwa na furaha kama bibi harusi.

Louis alikuja kaunta, jasho linamtoka. "Mama, yule Kalonji eko wapi?"

"Eko ku gare na batu yake. Si mulibatosha mu nyumba juzi?"

"Umuite. Mi nasema abaki, hakuna mutu atamugusa."

Mama Huguette hakungoja kuvua aproni. Huko gare, yaani stesheni, familia zilikuwa zimelala kati ya masufuria, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Alimkuta Kalonji juu ya godoro, na mke wake Simone, na watoto wao.

"Kalonji, simama. Louis amekubali, unabaki." Akawasimulia yote, mpaka ile sadaka, na Kalonji alicheka hadi akafuta machozi. Simone hakucheka. Alikuwa anamlisha mdogo uji.

"Na mi, Mama Huguette?" Simone aliuliza taratibu. "Mi napiga nini? Na hii batoto, banapiga nini?"

Wiki nzima Mama Huguette alipanga, akapangua, na hakumfikiria Simone hata mara moja. Aliona aibu, aibu ya kweli, akalia mbele ya watu.

"Wende, Mama," Kalonji alimwambia. "Batu yako beko na kiu."

Louis alikuwa anamngojea mlangoni. "Eko wapi?"

"Anaenda na bibi yake."

"Sasa nani atatupigia?"

Mama Huguette alimshika mkono, akampitisha mbele ya wakubwa wote, akamwondoa Stany kwenye kiti na kumkalisha yeye.

"We njo ulimufukuza," alisema. "Piga."

Louis aliangalia piano. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kisha akabonyeza pengine. Baa nzima ilinyamaza ili iitikie, lakini wimbo huo hapakuwa na mtu aliyeujua.