Vidonge vya Bibi na Ufunguo

Nilijiunga na chama cha wafamasia pale Moroni nikiwa bado mwanafunzi, na nasema kweli, nilifuata sambusa za mikutanoni. Kisha kisiwa cha Anzuani kikajitenga na Komoro, meli zikasimama, na bibi yangu huko Mutsamudu akaishiwa vidonge vya presha. Nikampigia simu mwanachama mwenzangu wa huko, Rachadi, mwanafunzi nisiyemjua hata sura. Akampelekea dawa nyumbani, akasema zinatoka kwa Sittina, yaani mimi.

Kwetu mume huhamia kwa mke. Bibi alipoona kijana na furushi mlangoni, akamlisha, akamkabidhi ufunguo wa chumba changu.

“Hukumwambia ukweli?” nikamuuliza Rachadi kwa simu, nikicheka mbavu sina.

“Alikuwa ameshapiga vigelegele.”

“Basi rudisha ufunguo.”

“Njoo uuchukue mwenyewe.”