Jamu ya Mti Uliokatwa

Wangui alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kabla ya Jumamosi ile hakuwa ameoka hata biskuti moja maishani mwake. Kuzila, hapo sawa. Kwa kuzila alikuwa fundi. Kila Krismasi alitoka Riruta na watoto wake wawili wakaenda kwa mama yake Mutuini, na kabla hajaketi mkono wake ulikuwa umeshazama ndani ya mkebe. Zilikuwa biskuti mbilimbili zilizobanwa pamoja na jamu ya plamu katikati, ile ya juu imetobolewa kwa kizibo cha soda ili jamu ichungulie. Mama yake, Annah, ambaye wanawe walimwita Mami, alizioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na zilitoka nzuri kushinda za duka lolote la mjini. Ukimuuliza siri yake nini, alikuambia siri ni mti.

Mti wenyewe ulikuwa wa plamu, umesimama katikati ya uwanja wa nyumba, na Mami aliupanda mwaka ule alioolewa. Plamu zake zilikuwa ndogo, za manjano, chachu ya kukukunja uso. Ukizila mbichi utajuta. Ukizipika na sukari utaomba uongezewe.

Sasa mti huo haukuwapo tena. Tuliseme mapema tusizungukezunguke: Wangui na kaka yake Kuria ndio walioukata.

Usiwarukie bado. Mwezi wa tisa Mami alianguka jikoni kwa kiharusi, akalazwa katika hospitali moja kule Upper Hill, hajitambui, analishwa kwa mrija wa puani. Wiki ya tano daktari aliwaita wanawe pembeni akawaambia wajiandae. Na watu wa kwetu ukiwaambia wajiandae, wanajiandaa kweli. Ua hurekebishwa, nyumba hupakwa rangi, choo cha wageni huchimbwa, uwanja husafishwa ili hema zienee na gari la maiti lipate pa kugeukia. Kuria aliupima uwanja kwa hatua, akarudi akikuna kichwa.

"Huu mti uko katikati ya kila kitu," alisema. "Sasa hema zitaingilia wapi?"

Wangui akasema haya, ukatwe. Yeye ndiye aliyesema, si mtu mwingine. Jumamosi ya kuukata, mwezi wa kumi, hakwenda hospitali. Alibaki Mutuini akiwapikia wakataji chai. Alasiri mti ulikuwa umelala chini, majani yake bado mabichi, simu ilipolia kutoka wodini. Mami alikuwa amefungua macho.

Furaha gani ile! Wangui aliruka, akapiga kelele, akamkumbatia hata yule mwanamume wa msumeno. Kisha akageuka akauona mti pale chini, akamwachia.

Si kwamba aliogopa kugombezwa. Mami amegombeza watu maisha yake yote, na akishagomba huisha, anakupakulia chakula. Alichoogopa Wangui ni Mami kujua sababu. Kwamba yeye akiwa bado anapumua, wanawe walikuwa wameshakata tamaa naye, wanapanga viti. Mtu anayejifunza upya kushika kijiko, jambo kama hilo utamwambiaje? Utaanzia wapi?

"Tutamwambia Januari," Kuria aliamua. "Akiwa na nguvu."

Desemba ilipofika, daktari alisema Mami angetoka Jumatatu, siku chache kabla ya Krismasi. Wangui angemchukua akae kwake Riruta hadi sikukuu ipite, na Mutuini ingengoja. Mpango ulikuwa mzuri, hadi Alhamisi Mami alipomshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamwambia, maneno yakitoka moja moja, "Wangui. Niokee zile biskuti. Za jamu yetu. Watu wa hii wodi waonje kabla sijaenda."

"Sawa, Mami," Wangui alijibu, haraka mno.

Basi Jumamosi aliwapeleka watoto kwa shangazi yao, wasije wakaropoka mbele ya Mami, akaenda sokoni Kawangware kutafuta plamu. Ulikuwa msimu wake na zilijaa kila meza, lakini zote nyekundu, kubwa, zinang'aa. Alizunguka mpaka miguu ikamuuma. Mwishowe akapata mama mmoja ambaye ndoo yake, chini kabisa, ilikuwa na za manjano.

"Chukua hizi nyekundu, madam," yule mama alimshauri. "Hizo zingine zinauma meno."

"Hizo za kuuma meno ndizo nataka."

Yule mama alimtazama kama mtu aliyepotewa na akili, akampimia.

Jamu haikumsumbua sana. Alizipasua plamu, akatoa kokwa, akazipika na maganda yake, sukari na maji ya limau, akikoroga mpaka tone likidondoshwa kwenye sahani baridi linatulia mahali pake. Rangi ilitoka ileile, ya asali. Lakini biskuti, lo! Trei ya kwanza iliungua ovenini akiwa dirishani anaongea kwa simu. Ya pili alikuwa amezidisha siagi, zikatambaa zikaungana zikawa chapati moja ya ajabu. Alikaa sakafuni jikoni, unga hadi kwenye nyusi, akasema kwa sauti, "Mami, uliwezaje na makaa?" Hakukuwa na wa kumjibu. Akainuka akapima upya: unga, siagi, sukari, yai moja, ganda la limau lililokunwa, mdalasini kidogo. Akaukanda unga, akausukuma, akaukata kwa mdomo wa gilasi, akatoboa nusu yake kwa kizibo cha soda.

Trei ya tatu ilikubali. Alizibana biskuti mbilimbili na jamu katikati, akangoja zipoe, akaonja moja akiwa amesimama. Zilikuwa zenyewe kabisa. Alilia pale pale kando ya sinki, kwa fahari na kwa aibu, maana uongo wake ulikuwa umetoka mtamu.

Jumapili saa saba kasorobo alikuwa wodini na mkebe kwapani. Mami alikuwa ameegemezwa mito, kitambaa kipya kichwani, mkono wa kushoto umelala mapajani. Kitanda cha pili alilala Naliaka, mama mnene wa Kangemi aliyevunjika nyonga, ambaye tangu alazwe hakuwahi kunyamaza ila akiwa usingizini, na hata humo alikoroma.

"Ndio huyu!" Naliaka alisema. "Mama yako ametuimbia hizo biskuti wiki nzima. Lete tuone kama alikuwa anatubeba ujinga."

Wangui alifungua mkebe. Mami alichukua moja, akaitazama, akagusa jamu ya pale tunduni kwa ncha ya kidole. Akauma. Akatafuna polepole kwa upande wake mzima, na uso wake, ule upande uliokuwa bado unatii, ukatabasamu.

"Ni wewe umeoka?"

"Ni mimi, Mami."

"Kwa mkono wako?"

"Aki ya Mungu. Niliunguza trei moja na nyingine nikaharibu."

Mami alicheka. Wangui hakuwa amemsikia akicheka tangu Agosti, na moyo wake ukalegea. Muuguzi aliyepita na dawa, Sista Awuor, alipewa mbili, akaondoka akijilamba vidole. Naliaka alikula ya kwanza, ya pili, akanyoosha mkono kwa ya tatu.

"Huyu binti yako ameolewa?" aliuliza. "Kwa sababu mimi niko na kijana, ana kazi, hanywi. Na hizi plamu mmenunua wapi? Mimi nitatuma mtu."

Hapo angesema tu sokoni, ingetosha. Lakini mtu akishaanza kudanganya na mambo yakamwendea vizuri, huona aongeze chumvi.

"Hatukununua," Wangui alisema. "Nimechuma kwa mti wetu, Ijumaa. Mwaka huu umezaa! Matawi yamelemewa mpaka yanagusa chini."

Mami aliacha kutafuna.

"Mwaka huu?" aliuliza.

"Eeh, Mami."

"Umezaa?"

"Sana. Hujawahi kuona."

Mami aliiweka nusu ya biskuti juu ya blanketi, taratibu. Alimtazama bintiye usoni.

"Wangui," alisema. "Huo mti huzaa mwaka, hupumzika mwaka. Tangu niupande. Mwaka jana ulizaa. Mwaka huu ungekuwa na majani tu."

"Lakini kila Krismasi..."

"Kila Krismasi kulikuwa na biskuti. Mwaka wa kupumzika natumia jamu niliyoweka kwa chupa. Ziko tatu, kabatini, nyuma ya sufuria kubwa. Hiyo ndiyo nilikuomba. Hukuangalia kabatini?"

Wangui hakuangalia kabatini. Angeangaliaje, na hakujua? Miaka yote hiyo alipita chini ya mti ule akikimbilia mkebe, wala hakuwahi kuinua kichwa aone kama juu kuna tunda au hakuna. Alikuja, akala, akafunga nyingine za watoto kwa karatasi, akaenda. Alijionea haya mpaka masikio yakamwaka.

"Mmeukata," Mami alisema.

Wangui alifungua mdomo aseme ni upepo. Au mchwa. Alikuwa nayo yote tayari, yeye na Kuria walikuwa wameyapanga. Lakini mbele ya yale macho aliinamisha kichwa.

"Baba yako alipofariki," Mami aliendelea, "tulikata miparachichi miwili ndio hema ziingie. Mimi ndiye niliwaonyesha ya kukata. Kwa hivyo usinieleze. Najua mti wa katikati ya uwanja hukatwa kwa nini."

"Mami, daktari alituambia..."

"Hema ngapi?"

"Mami, tafadhali."

"Nakuuliza. Mlipanga ngapi?"

"Kuria alisema nne."

"Nne," Mami alirudia. Alifikiri. "Baba yako alikuwa na mbili."

Naliaka aligeuza uso wake ukutani, biskuti ya tatu bado mkononi. Wangui alikuwa analia sasa, bila sauti, kamasi na machozi pamoja, na hakujali nani anamwona.

"Ilikuwa siku gani?" Mami aliuliza.

Hilo ndilo alilokuwa akilikimbia tangu Oktoba. Alitamani sakafu ya wodi ipasuke immeze.

"Jumamosi," alisema. "Ile Jumamosi."

Mami alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa na hesabu isiyotimia kichwani na sasa imetimia. Hakugomba. Wangui aliomba kimoyomoyo agombe, amwite mjinga, amtupie mkebe. Badala yake Mami alisema kwa ile sauti yake mpya, nzito, inayotafuta kila neno kabla ya kulitoa.

"Siku hiyo nilifungua macho nikaona dari. Sijui niko wapi. Sina sauti, sina mkono. Baadaye kidogo watu wakaanza kuingia kuona wagonjwa wao. Huyu analetewa uji, huyu anaombewa. Nikatazama mlango. Nikasema wangu wako njiani. Nikatazama mpaka saa nane, watu wakatolewa, mlango ukafungwa. Wangui, nilijua nyinyi hamwezi kukosa kuja. Nilijua tu. Kwa hivyo nikaona lazima mlikuwa na mimi kwa gari tukapata ajali, mimi nikapona, na nyinyi mkafa. Wewe na Kuria na watoto."

"Woi, Mami."

"Nililia alasiri yote. Nililia nyinyi. Jioni mkaingia mkanikuta bado nalia, mkafurahi, mkasema tazama, ametutambua, analia kwa furaha."

Wangui alimwangukia kifuani akasema nisamehe, nisamehe, akairudia mpaka ikawa mlio tu. Mami aliweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha bintiye, akauacha pale. Haukupapasa. Ulikaa tu, na Wangui hakuweza kujua kama ni msamaha au ni kwamba ulikuwa umechoka.

Kengele ya kuwatoa wageni ililia. Mami aliitazama nusu ya biskuti iliyobaki kwenye blanketi, na makombo yake.

"Mwambie Kuria," alisema, "kesho mnipeleke Mutuini. Si Riruta. Nataka nikae uwanjani nione nafasi ya hizo hema nne. Na hizi zilizobaki mpe Naliaka, mimi nimeshiba."