Udongo wa Migombani

Mstari wa chokaa uliingia uani kwa Lidwina, ukapita kati ya banda la kuku na choo, ukatokea migombani. Kutoka hapo ulinyooka mpaka kwenye ukuta wa baa ya mwenyekiti wa mtaa, na hapo, kama mtu aliyekumbuka adabu, ukakata kona, ukauzunguka ukuta wote, halafu ukarudi kwenye njia yake na kuteremka bondeni. Lidwina alikuwa akiwagawia vibarua ugali na maharage, upawa mkononi, jicho kwenye chokaa. Ukungu wa milima ya Matogoro ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa mapaa, na mvuke wa sufuria ulimfunika uso. Afadhali, maana machozi yalikuwa yanamtoka na wateja walikuwa wengi.

Ukweli usemwe, mtaro huu uliopimwa kwa chokaa watu waliuomba wenyewe. Tangu barabara ya juu iwekwe lami, kila masika maji yaliingia majumbani bila hodi, yakatoka na viatu, ndoo na vifaranga. Mkutano ulipoitishwa, Lidwina alinyoosha mkono kama wenzake. Na mtaro ulimlisha pia. Vibarua walikula kwake mchana na jioni, na mumewe, Athanasi, alipewa ulinzi wa mitambo pamoja na kizibao cha kung'aa ambacho alikivaa mpaka kanisani.

Lakini migombani alilala mwanawe.

Mtoto hakulia, basi. Alitoka kimya, na kwa desturi ya pale mtoto wa namna hiyo hana matanga, hana msalaba, wala hasomewi misa. Kina mama humfunga kitenge, wakamlaza ndani ya chungu, wakamzika penye unyevu nyuma ya nyumba. Mwanamume haendi, haulizi, haonyeshwi. Tumbo la Lidwina halikushika tena baada ya hapo. Kila jioni alimwaga maji ya kuoshea mchele chini ya mgomba ule, na Athanasi alidhani mkewe anapenda ndizi.

Injinia alikuja kula wa mwisho, kama kawaida yake. Lidwina akamtengea, akamwongezea likolo, mboga ya majani ya maboga, bila kuombwa, akabaki amesimama mbele yake.

"Baba, naomba mpindishe kidogo pale migombani."

"Kona zina gharama, mama."

"Kwa mwenyekiti mmekata kona."

"Kwa mwenyekiti kuna ukuta."

"Na kwangu kuna kaburi."

Injinia akaacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa watu, amechoka, anataka kumaliza kazi kabla mvua hazijaanza. "Makaburi tuliyaulizia nyumba kwa nyumba," alisema. "Hapa tulimuuliza mkuu wa kaya. Athanasi! Hebu njoo."

Athanasi akaja na kizibao chake.

"Kuna kaburi hapa kwako?"

Athanasi alimtazama mkewe, akaitazama mitambo iliyopangwa barabarani, ile aliyokuwa akiilinda. "Hakuna, bosi."

"Mkeo anasema lipo."

"Mambo ya kina mama hayo. Yule hakulia. Hana hata jina."

"Jina analo," Lidwina alisema.

Hakuna aliyemuuliza ni lipi. Injinia alisogeza sahani pembeni. "Mama, nisikilize. Niletee shahidi, mtu aliyezika kwa mikono yake. Akisema lipo, nitamwita bwana afya, tutamhamisha mtoto kwa heshima. Ila kabla katapila halijaingia hapa kesho asubuhi."

Kati ya waliozika alibaki hai mmoja tu: bibi Adela, mkunga wa mtaa mzima. Lidwina alimkuta barazani akipukuchua mahindi. Mkwe wa bibi huyo, Devota, alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imevimba, mimba imekomaa. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta." Adela alimtuma Devota ndani, akangoja mlango ufungwe. "Kile kitenge nilikifunga mwenyewe. Kilikuwa cha bluu."

"Basi njoo uwaambie, mama. Neno moja tu."

Adela aliyakung'uta mahindi kwenye ungo, muda mrefu, bila kuinua uso. "Mbele ya wanaume?"

"Ndiyo wanaoamua."

"Nitakuja," alisema.

Akaja kweli, kesho yake, amevaa vizuri, na Devota nyuma yake akiwa ameshika kiuno. Uani palikuwa pamejaa: injinia, vibarua, majirani, Athanasi, na mwenyekiti Egidi aliyekuja na fimbo ya kutembelea ambayo haikuwa na kazi, kwani miguu yake ilikuwa mizima. Katapila lilikuwa linanguruma karibu na choo. Kuku walikuwa wamekimbilia jikoni.

"Bibi Adela," Egidi alianza kwa upole, "sisi tunakuheshimu. Umezalisha nusu ya watu waliosimama hapa. Sema basi, mle mmezika kitu? Ila wewe ndiye mjuzi wa mila, siyo mimi. Unajua mwanamke akiyatoa yale mbele ya wanaume, kinachofungwa ni tumbo la nani."

Alisema hivyo huku akimtazama Devota tumboni. Hakukuwa na mtu pale asiyejua. Husemwa kwamba siri ile ikitoka, huondoka na mtoto wa nyumbani kwa aliyeitoa. Devota akakumbatia tumbo kwa mikono miwili.

Bibi Adela akamtazama mkwewe, kisha akautazama mgomba.

"Mimi mzee," alisema. "Sikumbuki."

"Mama," Lidwina aliita.

"Sikumbuki, mwanangu. Nisamehe."

Injinia alitikisa kichwa. Akampa ishara opereta. Egidi alikuwa amekwisha kuanza kuondoka. "Maendeleo hayangoji hadithi za migombani," aliwaambia majirani, na baadhi yao wakacheka, kwa kuwa ni mwenyekiti.

Mgomba haukuchelewa. Kijiko cha katapila kiliusukuma mara moja ukalala na mkungu wake, kikazama, kikapanda na udongo mwekundu unaochuruzika maji, kikaumimina kwenye tipa. Kikazama tena. Safari hii kitu kiligonga chuma, na opereta akazima mashine. Opereta huyo, Iddi, alikuwa mtu wa Tunduru, mcheshi, mpenzi mkubwa wa maharage ya Lidwina. Alishuka, akainama, akaokota kigae cheusi kilichopinda, na kingine.

"Mama ntilie! Chungu chako hiki? Nimekuvunjia, unisamehe."

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Muulize alikuwa anapika nini humo."

Athanasi aliinamisha kichwa, akaanza kufunga na kufungua zipu ya kizibao.

"Changu," Lidwina alisema. Alishuka ndani ya mtaro, akavipokea vigae, akavifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akapanda mbio mpaka kwenye tipa, akashika ubao wa nyuma kwa mikono yote. "Huu udongo naomba. Niachieni mzigo huu mmoja tu. Nitaubeba mwenyewe kwa beseni."

"Una mwenyewe, mama," dereva alimjibu. "Mwenyekiti kauagiza. Anasawazisha uwanja wa baa."

Tipa likaondoka, na yeye akaachia ubao lilipoanza kumburura.

Mchana Egidi alituma mtu: wageni wake wa mradi walitaka kula pale pale baa. Lidwina angekataa. Lakini vibarua hula anapokula bosi wao, na jioni lazima moto uwake. Alipanga sahani kwenye sinia, akaenda.

Uwanja ulikuwa umebadilika sura. Udongo mwekundu ulikuwa umetandazwa kutoka ukutani hadi getini, umemwagiwa maji, umeshindiliwa, na viti vya plastiki vimekwisha kupangwa juu yake. Lidwina alisimama getini. Akavua kandambili.

"Pita tu, mama, pameshindiliwa," Egidi alimwita kutoka katikati.

"Anaogopa kuchafua kandambili," mtu alisema, wakacheka.

Alipita peku, polepole, sinia kichwani, akitazama kila mahali kabla ya kuweka mguu. Alipofika, kiti cha Egidi kilikuwa kimedidimia mguu mmoja.

"Hapa bado pamelegea," Egidi alisema. Akainuka, akasogeza kiti, akapapiga kwa kisigino, tena na tena, mpaka pakawa pagumu. Kisha akaketi, akanyoosha mkono apewe sahani yake.